Chini ya mwembe uani hapaoti kitu, nipande maua gani ya kutambaa?

BintiMwera
Asalaam aleykum jamani, nnaomba ushauri wenu. Nyumbani kwetu Mwera, Unguja, uani kuna mwembe wa zamani, kivuli chake kizito, hata saa sita mchana jua chini linafika vidoa vidoa tu. Pale chini ardhi tupu, kiangazi vumbi mpaka jikoni, masika tope mpaka mlangoni, ukoka ulipandwa ukafa wote. Nnataka kitu kitambae, kiwe kijani mwaka mzima na KITOE MAUA, majani matupu sitaki. Dada yangu yuko Uingereza kanirushia picha, chini ya miti yake kapanda vinka na pakisandra zimejaa tele, hiyo vinka ina maua ya buluu mashaallah. Mbegu zake naweza kupata huku? Udongo wetu ni kinongo, ule mwekundu. Halafu kuku tunao, na mama lazima afagie kila asubuhi, mizizi ya mwembe yote ishatoka nje.

kaka_mbolea
Waaleykum salaam. Za dadaako ziache huko huko bibie. Vinka ni ya Ulaya, pakisandra ile ya kawaida asili yake Uchina na Japani, zote zimezoea baridi kali, hapa joto litazimaliza. Halafu tatizo lako si kivuli peke yake. Mwembe haupukutishi majani yote kwa pamoja, mvua ndogo inaishia juu huko, na ikifika chini mizizi inaiwahi. Kwa hiyo unahitaji mmea unaostahamili kivuli na ukavu, au ukubali kumwagilia, hakuna la tatu.

wete_mjini
Panda wedelia umalize kazi, ile ya maua ya njano inayojaa mahotelini. Kijiti ukikitupa tu kinashika, hata maji ya chumvichumvi inavumilia, huku Pemba mie nimeipanda kwenye mteremko udongo hauondoki tena

bibi_mabustani
Hapo kwenye kushika ndo penye balaa mwanangu. Wedelia imetoka Marekani ya kitropiki na imo kwenye ile orodha ya IUCN, shirika la dunia la kuhifadhi mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya kabisa duniani. Kila kifundo kikigusa ardhi kinatoa mizizi, leo kwako kesho kwa jirani, kesho kutwa kwenye shamba la mihogo la mtu na ugomvi juu. Na kwenye kivuli kizito utapata majani, maua machache mno, yeye kashasema majani matupu hataki.

wete_mjini
haya mama nimekubali, ila mteremko wangu siung'oi 😂

bibi_mabustani
Kwako mteremkoni ina kazi yake, bora uipunguze na usitupe mabaki mtaroni tu.
BintiMwera, nisikilize. Karibu na shina penye giza kabisa weka tredeskantia, yale majani yenye mistari ya fedha na zambarau, chini yake zambarau tupu. Kiua chake kidogo cha waridi, si cha kumwita mtu barabarani, lakini ndo inayovumilia kivuli na ukavu kwa pamoja na inajaza ardhi kama mkeka. Nayo inatambaa sana, ikivuka mpaka ikate. Utomvu wake unawasha baadhi ya watu, vaa glovu. Pembeni, pale vidoa vya jua vinapofika, panda impatiensi, hiyo ndo itakupa maua, mekundu, meupe, ya waridi, mwaka mzima ikipata maji. Shina lake limejaa maji, ukisahau kumwagilia mchana utalikuta limelala chini, ukimwagia jioni linainuka.
Usinunue miche mingi, nunua michache ya rangi unazopenda ukate vikonyo vya vidole vinne hivi, toa majani ya chini, tia kwenye glasi ya maji dirishani pasipo na jua kali. Mizizi ikitoka hamishia ardhini, na kila kikirefuka kata ncha, usipokata kinapanda juu kikonde badala ya kutanuka.

kaka_mbolea
Kuongezea tu, jembe usipeleke pale, utaikata mizizi ya mwembe. Tumia kisu au kijiko kikubwa, tafuta nafasi baina ya mizizi, chimba vishimo vidogo ujaze samadi iliyooza vizuri, kutoka mche mpaka mche shibiri moja. Na usijaze udongo ukalizungushia shina utaliozesha. Anza mvua za masika zikishika, utapumzika kubeba ndoo

msomaji_wa_usiku
Hiyo impatiensi ni ya kwetu Afrika Mashariki wajameni, watu wanadhani imekuja na wazungu. John Kirk, yule konseli wa Waingereza aliyekaa hapa Unguja, ndo aliyeipeleka Kew, ile bustani kubwa ya mimea ya London, na 1882 mtaalamu wa mimea Hooker akaiita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, wakati huo Sayyid Barghash. Baadaye wataalamu wakaiunganisha na Impatiens walleriana ndo maana jina la sultani hulioni tena. Na kile kitumba cha mbegu kikiiva ukikigusa kinapasuka mbegu zinaruka, watoto wanapenda hao

BintiMwera
Kha! kumbe tuna ua la sultani halafu nnatamani ya Uingereza. Ahsanteni sana. Sasa maji ya kisima chetu hayana chumvi alhamdulillah, na maji ya kukoshea mboga yapo kila siku. Ila mama na fagio lake la chelewa nifanyeje, na kuku, na konokono wale wakubwa wakati wa mvua?

bibi_mabustani
Kuku walazie makuti juu ya miche mpaka ishike, wakikosa pa kuparua wataondoka. Konokono wanapenda impatiensi changa, weka kipande cha boksi kilicholowa jioni, alfajiri kifunue utawakuta chini yake, okota kwa mfuko usishike kwa mkono, wanabeba vijidudu. Chumvi usiwamwagie, utaharibu udongo. Mama mwachie njia ya kufagia kutoka mlangoni mpaka chooni, pembezoni mwake panga mawe. Na mwambie majani ya mwembe asiyachome, ayamwage kwenye miche, yatazuia unyevu usitoke.

BintiMwera
Hilo la kutoyachoma ndo litakuwa na kesi 😅 ntamwambia baba amwambie.

bibi_mabustani
Mie niko Kianga, tredeskantia ninayo ya kugawa. Mvua zikianza niandikie inbox uje na ndoo, impatiensi nyekundu ntakukatia vikonyo, nyeupe sina.

wete_mjini
na sie wa Pemba mama? au mpaka tupande boti

bibi_mabustani
Ukipata mtu anakuja Unguja mtume, vikifungwa kwa gazeti bichi vinafika vizima.