Gumzo la Kikundi cha Usomaji cha Kina Mama: Deni Limekwenda Wapi?

Mama Baraka: Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Hadithi aliyoiandika Dada Tumaini nimeimaliza jana usiku na nimeipenda, lakini sura ya mwisho imeniachia swali. Mume wa Neema ameiweka nyumba rehani bila mkewe kujua. Neema anafunga siku tatu, mume anarudi akilia, wanakumbatiana, basi. Deni limekwenda wapi?

Dada Tumaini: Amina, mama, shikamoo. Niliogopa kwamba nikiendelea na habari za deni, msomaji angeona kana kwamba maombi ya Neema hayakujibiwa.

Bibi Eliya: Mjukuu wangu, kitabu cha Ruthu kinaanza na njaa na vifo vya wanaume watatu, na Naomi anafika Bethlehemu akitaka aitwe Mara kwa uchungu alionao. Ruthu hakumhubiria, alikwenda kuokota masazo ya shayiri, akarudi na chakula. Boazi, atakayemwoa Ruthu baadaye, tunakutana naye katika sura ya 2, uaminifu wa Ruthu kwa mkwewe ukiwa umekwisha kuonekana. Na waliompa mtoto wao jina la Obedi ni wanawake majirani. Lakini Zawadi wako, rafiki yake Neema, anasoma mstari mmoja wa Biblia mlangoni, kisha anaaga!

Mama Mchungaji: Bibi amesema vyema, ila nina hofu moja. Nimeona ndoa zikivunjika kwa sababu rafiki wa mke aliingia katikati, akawa mshauri, msemaji na mtangaza habari. Zawadi akiongezewa nafasi, tuonyeshwe pia anavyoufunga mdomo wake.

Mama Baraka: Ni kweli, Mama Mchungaji. Biashara ya mume wangu ilipoanguka, wale walionitunza masufuria na vitenge kwenye kichen pati hawakujua, nami sikutaka wajue. Rafiki yangu mmoja alikuja akanikuta nachagua mchele. Akavuta kigoda, akaushika ungo upande wa pili, tukatoa mawe na chuya mpaka mchele ukaisha, wala hakuniuliza neno. Kesho yake nilimfuata mwenyewe nikamweleza yote, na hadi leo sijayasikia kwa mtu mwingine. Mume wangu humwita shemeji kwa heshima kubwa.

Mama Upendo: Dada Tumaini, kuna na hili: kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo Neema ana la kufanya zaidi ya kulia. Zawadi amsindikize kwa mwanasheria, kisha abaki nje kwenye benchi na mtoto wa Neema mgongoni, Neema mwenyewe akiingia peke yake.

Mama Mchungaji: Hapo kwenye benchi nimemkubali.

Dada Tumaini: Nashukuru sana, mama zangu. Mfungo wa Neema nitauacha, lakini siku ya tatu atapata ujasiri wa kumwomba mumewe aziweke karatasi za mkopo mezani na kutaja kiasi chote kwa kinywa chake. Watabaki na deni, na watalilipa pamoja. Ningependa kuanza na ule ungo, kama Mama Baraka ataniruhusu.

Mama Baraka: Nimekuruhusu, mwanangu. Ila usiniulize alikuwa nani.