Mjadala: Je, fedha za umma zilipie nyumba za sola zinazobuniwa na wanafunzi?

Mwanzisha mjadala

Mwaka 2002 Wizara ya Nishati ya Marekani ilifanya kwa mara ya kwanza shindano la Solar Decathlon, ambalo timu za vyuo vikuu hubuni nyumba za sola, huzijenga, kisha hupimwa kwa vigezo kumi. Timu ya chuo kikuu cha Darmstadt, Ujerumani, ilishinda mwaka 2007 na tena 2009, na mwaka 2019 toleo la Afrika likafanyika Ben Guerir, Moroko. Lengo kuu ni nyumba inayojitosheleza, yaani inayozalisha kutokana na jua umeme usiopungua ule inaoutumia.

Hoja yangu ni kwamba serikali na vyuo vikuu vya umma vitenge fedha kwa shindano la aina hiyo hapa Nairobi. Mwanafunzi wa uhandisi humaliza miaka mitano akijua kukokotoa mzigo wa umeme kwenye karatasi, na huenda asiwahi kupanda juu ya paa kufunga paneli hata moja. Msanifu majengo naye huchora paa kwanza, halafu fundi wa sola huitwa nyumba ikiwa imekwisha, akakuta tangi la maji linatia kivuli mahali ambapo paneli zingekaa. Shindano huwaketisha wote wawili, pamoja na mkadiriaji wa gharama, kabla ya ramani kupitishwa. Karibuni tujadili.

Mpangaji, Pipeline

Ndugu mwanzisha mjadala, naheshimu nia yako, ila nyumba unayoizungumzia inasimama peke yake kwenye kiwanja chake, na wakazi wengi wa jiji hili ni wapangaji wa ghorofa. Juu ya paa la jengo ninamoishi kuna matangi ya maji, kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta, na mlango wenye kufuli ambalo ufunguo wake anao msimamizi wa ploti. Nikinunua paneli leo sina pa kuiweka. Fedha za umma zikitumika kujenga banglo la maonyesho, sisi tutalipia kwa kodi ya serikali kitu ambacho hakitatufikia.

Mhandisi wa umeme, South B

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapa ndipo mjadala huu huwa unapotea. Chukua jengo lenye paa la mita za mraba 300 na nyumba 80. Ukigawa sawasawa, kila nyumba inapata chini ya mita nne za mraba, na ukiondoa matangi, ngazi na nafasi ya kuanikia nguo inabaki nafasi ya paneli moja, ambayo huwa na ukubwa wa mita mbili za mraba na kidogo. Paneli ya wati 450 itatoa uniti (kilowati-saa) moja na nusu hivi kwa siku yenye jua zuri. Hicho si kitu cha kudharau: bedsita, yaani nyumba ya chumba kimoja, yenye taa, televisheni na simu za kuchaji, huku chakula kikipikwa kwa gesi, haihitaji zaidi ya hapo. Kinachoharibu hesabu ni shawa ya umeme, ambayo hula zaidi ya kilowati tatu kila inapowashwa. Kwa hiyo timu itakayoshinda hapa ni ile itakayopata njia ya kupasha maji kwa jua katika jengo la ghorofa nane, wala si ile yenye inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa paneli ufae vyombo vya nyumbani) ya bei ghali.

Jambo la pili ni kwamba vigezo vya shindano la Marekani haviwezi kuletwa vilivyo. Kule, kudumisha joto au ubaridi wa ndani ni sehemu kubwa ya kazi. Nairobi iko karibu na ikweta na juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na nyumba iliyopangwa vizuri haihitaji kipasha joto wala kiyoyozi. Mtihani wetu ni mawingu ya Juni hadi Agosti, na saa za jioni, wakati kila mtu amewasha taa na jua limekwisha kutua. Nyumba inaweza kujitosheleza katika hesabu ya mwaka mzima na bado ikaielemea gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, kila usiku.

Hata anayeuza ziada ya mchana hapati alichotoa. Sheria ya Nishati ya 2019 ilifungua mlango wa kuuingiza umeme huo kwenye gridi, lakini kanuni za 2024 zinamrudishia mteja nusu tu ya uniti alizoingiza.

Mwenye nyumba, Zimmerman

Mhandisi amesema kweli, ila hakuna aliyeniuliza mimi. Paneli nitanunua kwa fedha yangu, lakini tokeni za umeme hununuliwa na mpangaji, kila mmoja kwa mita yake. Faida itakuwa ya mpangaji na gharama itakuwa yangu. Nikipandisha kodi ya nyumba ili nirudishe fedha zangu, atahamia jengo la jirani ambalo halina sola. Wanafunzi wanibunie mkataba na mita ndogo za ndani. Hapo nitatoa paa langu.

Mwanzisha mjadala

Basi naifinya hoja. Fedha zisitolewe kwa banglo lolote. Kila timu ipewe jengo la kupanga ambalo tayari lina watu, na iwe na mwanafunzi wa sheria pamoja na wa uhandisi. Alama nyingi ziende kwenye maji moto, matumizi ya jioni, na mgawanyo wa gharama kati ya mwenye nyumba na mpangaji, na matokeo yapimwe kwa mwaka mzima ili Julai isikwepwe. Bado naona fedha za umma ndizo zinazofaa, kwa kuwa mfadhili anayeuza paneli hatapenda jibu lisemalo kwamba paneli moja inatosha.

Mpangaji, Pipeline

Hapo nakubali, kwa sharti moja: timu ikija, iwaulize kwanza wanaofua nguo. Paneli zikichukua mahali pa kamba bila fremu ya kuziinua juu ya kichwa, zitang'olewa kabla ya mwaka wa vipimo kwisha.