Whisky miaka 12, konyaki XO, ramu "23": hizi namba zina maana au tunapigwa tu?

Mtoto wa Tabata:
Wakuu salaam. Shemeji katua juzi toka Dubai kaniletea mzinga wa whisky ya single malt (shayiri tupu, kiwanda kimoja) miaka 12, kanikataza kabisa kuchanganya na koka. Sasa nimepiga kavu, naona moto tu kooni, hayo mambo ya vanila sijui asali mnayosemaga siyaoni. Halafu kwa bosi kuna konyaki XO (ile brandi ya Ufaransa, sio Konyagi yetu) na ramu imeandikwa 23, hizi namba zinasomwaje?

Ngosha wa Zamani:
Location mkuu, tuje tukusaidie kuonja 😂

Bi Mkubwa Tanga:
Mdogo wangu usigide kama umeshindanishwa. Tafuta glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, mimina kidogo tu, nusa ukiwa umeachama, pua usiizamishe ndani utaungua bure. Fundo la kwanza usilihesabu, hapo ulimi ndo unazoea kileo, la pili ndo zungusha mdomoni taratibu. Ikiwa bado kali tia maji kijiko cha chai, harufu zitafunguka. Barafu waachie wenye kiu, baridi inaziba harufu.

Mchambuzi Huru:
Kwenye namba sasa. Uskoti sheria yao ni pipa la mwaloni si chini ya miaka 3, na ile 12 ni umri wa pombe changa kuliko zote humo ndani, kwahiyo inaweza kuwa imechanganywa na ya 15 na bado ikaandikwa 12. Konyaki zile herufi ni daraja la umri wa chini kabisa pipani: VS ni miaka 2, VSOP 4, XO zamani ilikuwa 6 ila tangu 2018 ni 10. Ramu ndo uwe makini, Zacapa 23 ya Guatemala ni mchanganyiko wa kuanzia miaka 6 mpaka 23, sio kwamba yote imelala miaka 23. Na rangi isikubabaishe, Uskoti na Cognac wanaruhusiwa kutia karameli.

Ngosha wa Zamani:
Ongezea na joto hapo. Uskoti kwenye baridi pombe inayopotea hewani toka kwenye pipa ni kama 2% kwa mwaka, Jamaika kwenye joto kama 6%, ramu ya miaka 8 ya kule imeshakula mbao vya kutosha. Mi namba siangalii sana, naangalia pipa. Bourbon, whisky ya Marekani, lazima pipa jipya lililochomwa ndani, ndo mana vanila inakupiga usoni, wakimaliza mapipa wanauziwa Waskoti na watu wa ramu. Dogo chukua toti ya bourbon weka pembeni ya hiyo yako, nusa hii nusa ile, utaelewa kuliko maelezo yetu yote haya.

Mtoto wa Tabata:
Bi Mkubwa shkamoo, nimefanya ulivyosema na kijiko cha maji, kuna kitu kama zabibu kavu na moshi hakuna kabisa, nilijua whisky zote zina moshi.

Bi Mkubwa Tanga:
Marahaba. Moshi ni wale wanaokausha shayiri kwa moshi wa mboji (peat, mabaki ya mimea yaliyooza), whisky kama Laphroaig na Ardbeg za kisiwa cha Islay kule Uskoti hivi. Hiyo zabibu angalia lebo nyuma, ukikuta wameandika sherry basi ni pipa la mvinyo wa Hispania. Na chupa isimamishe wima, ukiilaza kileo kinakula kizibo.

Ngosha wa Zamani:
Location bado hujatuma.