FUNDI WA MALINDI AMENIUZIA PLAGI YANGU MWENYEWE!!!

Msafiri_Pwani: Jamani, niko Garsen chini ya mwarobaini, jua linachoma hadi mbuzi wamekimbilia uvunguni mwa lori, na hasira nilizo nazo zinatosha kuwasha pikipiki bila petroli.

Yule fundi mnamjua. Msinilazimishe nimtaje. Hakuna mwenye pikipiki aliyepita Malindi asiyemjua.

Natoka Mombasa, naenda Lamu kwa masahibu. Toka daraja la Kilifi pikipiki inakohoa. Nikafika Malindi, nikampelekea. Akafungua plagi, ile inayotoa cheche za kuwasha injini, akaitazama, akasikitika kama daktari anayeleta habari za msiba. "Imekufa hii, bwana. Nenda kale, ukirudi utakuta mpya." Nikaenda mtaa wa Barani kwa sahibu yangu, nikala wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikarudi.

Akatoa plagi mfukoni. Inameta. Ameishika kwa vidole viwili, dole gumba limefunika kauri yote. Akaipangusa kwa kitambaa, akanitazama machoni, akasema: "Mpya hii. Imetoka Mombasa." Mia sita. Nikalipa.

Sabaki nikavuka, Mambrui, Gongoni, yaenda. Karibu na Garsen ikakohoa, ikazima. Nikafungua mwenyewe. Nyeusi tititi, na kwenye kauri pana doa la rangi nyekundu ya kucha. Doa hilo alilitia mke wangu, kwake nyumbani, kwa rangi yake, ili plagi zangu zisibadilishwe gereji!

PLAGI YANGU! Kaisugua kwa brashi ya waya, kaniuzia! Alinitazama machoni! "Imetoka Mombasa"!

Nimempigia simu. Kaniuliza, "Kwani iliwaka au haikuwaka?" Akakata.

Chumvi_ya_Gongoni: Sasa uongo wake uko wapi? Si imetoka Mombasa kweli? Umekuja nayo mwenyewe 😂😂😂

Msafiri_Pwani: Wewe ni nduguye? Nakwambia aliipangusa mbele yangu!

Binti_Barani: Ni huyo huyo wallahi! Mimi alinibadilishia betri, usiku taa ikawa hafifu kuliko kibatari. Nikarudi kumlalamikia, akasema ni kwa sababu mwezi umejaa.

Ami_Spana: Punguzeni kelele. Plagi ikiwa nyeusi kavu, petroli inazidi au ea klina, chujio la hewa, imeziba kwa vumbi. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, ringi za pistoni zimekwisha. Hata angekutilia mpya ingekufa vilevile. Yako ni ipi?

Msafiri_Pwani: Kavu, ami. Lakini mimi silii ea klina! Nalilia yale macho! Mtu anatoa kitu chako mfukoni mwake, anakipangusa, anakuambia mpya!

Ami_Spana: Toa ea klina, ikung'ute vumbi, sugua plagi, washa uondoke. Hapo Garsen utakaa mpaka uote mizizi.

Mofa_na_Mchuzi: Mimi nimekwama kwenye samaki wa kupaka. Mtu akishafika hapo, fundi ana muda wa kusugua plagi za mji mzima.

Mtoto_wa_Taita: Afadhali wewe umelishwa! Nimeendesha kutoka Voi hadi Malindi, kiuno hakina hisia, nafika kwa rafiki ananiambia "ungepiga simu kwanza". Harufu ya pilau naisikia hadi uani! Akaenda kufunga mlango wa jikoni, akarudi na maji. Maji!

Binti_Barani: Huyo si rafiki, ni mlinzi wa sufuria.

Mwana_Mkomani: Msafiri, ukifika Mokowe iache pikipiki huko, vuka na boti. Vichochoro vyetu vya Lamu punda wawili wakikutana na mizigo, mmoja hurudi nyuma. Halafu vijana wanatuletea bodaboda! Wazee hawawezi kukaa barazani kwa honi.

Langoni_Juu: Bodaboda ikimaliza safari inaondoka. Punda je? Jirani yangu hufunga wake mlangoni pangu. Kila alfajiri natoka kwenda kuswali nakanyaga mavi. Kila alfajiri! Nikimwambia, ananijibu "mnyama hana saa".

Mwana_Mkomani: Punda ni wa mji huu kabla ya babu yako!

Langoni_Juu: Basi mavi yake yakanyagwe na babu yako!

Msafiri_Pwani: Jamani, plagi yangu!

Mofa_na_Mchuzi: Subiri kidogo, bwana. Langoni, jirani huyo ndiye yule anayebeba mchanga kwa punda?

Langoni_Juu: Ndiye.

Mofa_na_Mchuzi: LOOO! Huyo kanipimia mchanga wa ukuta nusu gunia akaita gunia, nilipouliza akasema umeshuka kwa upepo! Mchanga mbichi! Namfungulia uzi wake sasa hivi, njooni wote.