Mji wa watu watano: Thurmond utunzwe au uachwe uanguke?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Kuna mji unaitwa Thurmond, kwenye korongo la Mto New, jimbo la West Virginia, Marekani. Sensa ya 2020 ilikuta watu watano. Si elfu tano, watano. Treni ya abiria ya kampuni ya Amtrak, ya kati ya Chicago na New York, inayopita mara tatu kwa wiki, bado inasimama pale ukiwa na safari. Majengo mengi yako chini ya hifadhi ya taifa, maana yake mlipa kodi ndiye anayeezeka mapaa ya nyumba zisizo na mtu. Mimi nasema basi.

Nilipita huko na gari dogo. Daraja la kuingilia lina reli, na pembeni yake kanjia ka gari moja tu. Ukishavuka huoni mtaa: maduka na benki vimeelekea reli, ukitoka mlangoni unakanyaga kokoto. Panavutia, sibishi. Lakini mji huu ulizaliwa na kiu ya injini. Injini za mvuke zilitaka maji, makaa ya mawe na karakana, na mabehewa ya makaa kutoka migodi ya jirani yalipangwa hapo. Ilipokuja dizeli, baada ya Vita vya Pili, haja ya kusimama ikaisha. Treni za makaa zinapita mpaka leo, ila hazina shida na Thurmond. Sasa tunatunza nini?

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, unahesabu vichwa wakati hata enzi za neema wakazi hawakufika 500. Ukubwa wa Thurmond ulikuwa kwenye mzigo, si kwenye watu. Barabara ya gari yenyewe ilichelewa hadi 1921, kwa hiyo kila gunia na kila mgeni alishuka kwenye treni. Stesheni ya 1904 nayo ilikuwa inaharibika, ikakarabatiwa 1995, leo ndiyo inapokea wageni wa hifadhi. Wageni hao wanakula na kulala miji ya jirani. Hiyo si hela?

Mchangiaji wa 2:
Wote mmesahau walioijenga reli. Ukifika pale utasimuliwa hoteli ya Dun Glen: vyumba 100, ilifunguliwa 1901 ng'ambo ya mto kwa sababu Kapteni Thurmond, mwanzilishi wa mji, hakutaka pombe upande wake, ikaungua 1930. Utaambiwa karata zilichezwa humo miaka 14 mfululizo. (Nani alikuwa anaweka daftari?) Lakini reli ile, iliyokamilika 1873, ilichimbwa na maelfu ya watu weusi, wengi wao utumwa ulikuwa umewatoka juzi tu, na wengine walikuwa wafungwa waliokodishwa. Mleta mada anasema yaanguke. Sawa, yataanza yapi? Benki ni ya matofali. Nyumba za wafanyakazi ni za mbao, ndizo zinazooza kwanza. Ukiacha mvua iamue, atakayebaki kwenye historia ni mwenye benki.

Mchangiaji wa 3:
Hao watano wameulizwa? Wana meya na baraza. Mwaka 2015 walipitisha sheria ndogo ya kuzuia ubaguzi kwenye ajira na makazi, magazeti yakaandika. Mnawajadili kama marehemu.

Mchangiaji wa 1:
@Mchangiaji wa 3 🙌

Mleta mada:
Nimesoma. La wageni halijanishawishi, wengi wanakwenda kwa ajili ya mto na kupanda miamba, wangekwenda hata kama stesheni ingekuwa banda la bati. La wakazi nakubali, nilikosea kuandika kana kwamba hawapo.

La nyumba za mbao ndilo limenibana. Nilipokuwa pale nilipiga picha benki na mnara wa zege wa kujazia makaa, nyumba zile nikazipita. Sijabadilika kwamba hela haitoshi kwa kila kitu. Ila kama ni lazima kuchagua, ile benki iliyofungwa 1931 isubiri, fundi aanzie kwenye mbao. Mchangiaji wa 2, wewe ungeanzia wapi?

Mchangiaji wa 2:
Kwenye paa. Zege lenyewe halina haraka.