Kaniletea karatasi ya laki nane "ya kila kitu", nitie saini?

mwani_wa_kusi:
Assalaam alaykum. Mie niko Micheweni, Pemba. Mume wangu kanipa talaka moja baada ya miaka 11 na watoto watatu. Eda imebakia kama mwezi. Juzi kaja na kaka yake wameshika karatasi: napewa laki nane, kabati la vyombo na cherehani, na baada ya hapo sina dai jengine. Cherehani nimeinunua mwenyewe! Sasa hapo kanipa nini?

Nyumba imejengwa kwenye kiwanja cha babake. Lakini matofali 900 ni pesa zangu za mwani, 1,200 kila moja, na mabati 30 ya 22,000 niliyatoa nilipopokea zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa. Risiti ya mabati ina jina lake, maana ndiye aliyekwenda dukani. Ya matofali sina. Na mahari laki tatu bado hajanipa, kila siku nisubiri. Mama asema nitie saini yaishe, nisije nikaitwa mgomvi.

BiShumbaMjini:
Dada, usitie! Toa kwanza mahari kwenye hiyo laki nane. Ile ni deni lake, hata msingeachana ungelidai. Imebaki laki tano. Matofali yako peke yake ni 1,080,000, na mabati 660,000. Na hapo matunzo ya eda na kiliwazo (kile anachopewa mke akiachwa) hayajatajwa, wala ya watoto. Kaitia kila haki kapu moja ili uione nyingi.

fundi_wa_Gando:
Nasema kama mwanamme: nyumba usiidai. Kiwanja cha mzee, utagombana na mkwe na mwisho utatoka mikono mitupu. Dai ulichokitia. Tena kwa bei ya leo, tofali la leo si la 1,200.

BiShumbaMjini:
Hapo sawa, fundi.

karani_mstaafu:
Bibi, kwetu Zanzibar ile Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania Bara haitumiki. Ya kwako ni ya kadhi. Na Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya 2017 inamruhusu kadhi kusikiliza mgao wa mali ya ndoa pale mtu anapothibitisha alichochangia. Neno zito ni hilo, *kuthibitisha*. Risiti kuwa na jina lake si mwisho wa maneno. Waliocheza mchezo na wewe wanajua mwezi uliopokea na ulinunua nini. Aliyefyatua matofali yuko hai? Anza naye, kabla hajatafutwa na wao. Na karatasi yao iombe nakala, usiirudishe hivi hivi. Mazungumzo fanyeni mbele ya sheha au wazee wa pande mbili, kila kitu na mstari wake: mahari, eda, kiliwazo, watoto, mchango wa nyumba. Mkishindwa, ndiyo kwa kadhi.

mwani_wa_kusi:
Mfyatuaji ni jirani yetu kumbe, na kanambia anakumbuka hata punda aliyebebea. Kijumbe wa mchezo daftari analo, jina langu limo. Nimempigia baba watoto, nimemwambia karatasi irudi na mistari mitano. Kakata simu. Baada ya magharibi kaka yake kapiga, ati "mistari gani hiyo, shemeji?" Nimemsomea mmoja mmoja.