Kuta za bafu: vigae vya 60×120, 60×60 au 30×60? Naomba ulinganisho

BafuJipya
Wakuu, habarini. Nakarabati bafu na vigae vya zamani nimeshabandua vyote. Chumba ni mita 1.8 kwa 2.4, na dari iko mita 2.4. Kuta tatu ni za tofali na lipu ya sementi. Ya nne, ambayo ndiyo ya shawa, ni fremu ya mbao iliyofunikwa bodi ya jipsamu.

Mke wangu amependa vigae vya posilini vya sentimita 60×120 na mimi nimevipenda pia. Fundi wetu anatusihi tuchukue 30×60 vya kauri, anasema vikubwa "vitatutesa". Kuna na 60×60 katikati hapo. Waliowahi kuvibandika au kuishi navyo, naomba mnisaidie kabla sijanunua.

FundiTimazi
Karibu, ndugu. Kabla hujalinganisha vigae, pima kuta. Chukua bomba la mraba la alumini la mita 2, lililonyooka kweli, uliegemeze ukutani wima, lala na mshazari, uangalie mwanga unapopenya. Kwa vigae vikubwa mwanya usizidi milimita 3 ndani ya hizo mita 2. Kigae cha 30×60 kinaweza kuufuata ukuta wenye tumbo kidogo kidogo, maana kila kimoja kinapinda njia yake na jicho halioni. Cha 120 hakipindi. Utapata pembe moja imejitokeza na mwenzake imezama, na ukiwasha taa iliyo karibu na ukuta kila kosa litatoa kivuli.

Fundi wako hajasema uongo. Ila aliyopaswa kukueleza ni kwamba mateso yenyewe yako ukutani.

MamaPacha
Mimi nitasema kama mtu anayesafisha. Nimeishi na 30×60 miaka mingi, na sasa nina 60×120. Kila mita moja ya mraba ya 30×60 ina kama mita 5 za mistari ya grauti, ule ujazo wa kati ya vigae. Kwa 60×120 ni mita 2.5. Bafu lako lina kuta za mita za mraba 20 hivi, kwa hiyo ni mita 100 za mistari au 50. Grauti ndiko ukungu unakoanzia. Siwezi kurudi nyuma.

Lakini dada au kaka yeyote anayenisoma ajue: kazi ya kwanza niliyofanyiwa ilidondoka. Fundi alitumia gundi ya ndoo, ile iliyochanganywa tayari. Miezi kadhaa baadaye kigae kimoja kikaachia juu ya sinki, na nyuma yake gundi ilikuwa bado laini kama uji mzito. Watoto walikuwa wametoka bafuni muda mfupi tu. Naumia hadi leo nikikumbuka.

FundiTimazi
Pole sana, MamaPacha. Sababu iko wazi: gundi ya ndoo hukauka kwa maji yake kutoka nje. Posilini hainyonyi maji, kiwango chake ni asilimia 0.5 au chini ya hapo, na kigae kikiwa kipana maji hayana pa kutokea isipokuwa kwenye vijimwanya vya pembeni. Kwa posilini tumia gundi ya unga yenye sementi, ambayo hukomaa yenyewe ikichanganyika na maji. Kwenye mfuko tafuta alama C2TE, na ukipata C2TE S1 ni bora zaidi. C2 ni gundi ya sementi iliyoboreshwa, T maana yake haiteremki ukutani, E inakupa muda mrefu zaidi wa kufanyia kazi baada ya kuipaka, na S1 inavumilia ukuta kucheza kidogo. BafuJipya, ukuta wako wa mbao utacheza.

MwikoWaMeno
Naunga mkono, na naongeza uzito kwa sababu hakuna aliyeutaja. Posilini ya milimita 9 ina kilo 20 hivi kwa mita ya mraba. Kigae kimoja cha 60×120 ni mita za mraba 0.72, yaani kilo 14 au 15 mkononi, tena ukikishika juu ya kichwa. Kazi hii ni ya watu wawili wenye vishikio vya kunyonya. Kauri ya ukutani ni nyepesi zaidi, na 30×60 mtu mmoja anaibandika bila shida.

Miongozo ya mafundi wa Uingereza huweka mwisho wa kilo 32 kwa mita ya mraba kwenye bodi ya jipsamu isiyopigwa lipu, na 20 tu kwenye lipu ya jipsamu, na hapo gundi na grauti zimehesabiwa. Kwa hiyo bodi yako inabeba. Ila lipu ya jipsamu haiwezi posilini hii, wengine wanaosoma hapa waangalie sana.

Ukingo_24
Kwa maoni yangu 60×60 ndicho chenye busara kwa chumba kidogo. Kigae ni nusu ya uzito wa 60×120, na mistari ni mita 3.3 hivi kwa mita ya mraba. Kona na mabomba yakiwa mengi, kila kigae kikubwa unachokikosea ni hasara kubwa. Bodi ya jipsamu ile ya kijani inayovumilia unyevu, ukiipaka dawa ya kuzuia maji, inatosha.

FundiTimazi
Kwa 60×60 sina ugomvi nawe, Ukingo. Kwa jipsamu ndani ya shawa, hapana. Ile ya kijani inavumilia mvuke, haivumilii maji yaliyopata upenyo. Kigae na grauti havizuii maji. Kinachozuia ni tabaka lililo nyuma yake. Ng'oa jipsamu eneo la shawa, weka bodi ya sementi, bandika mkanda kwenye kona na kuzunguka mabomba, kisha paka dawa ya kuzuia maji mikono miwili, wa pili baada ya wa kwanza kukauka. Nimefungua kuta nyingi zilizooza, na karibu zote kwa macho zilikuwa nzuri.

Ukingo_24
Nimekuelewa, mkuu. Hilo narudi nyuma.

BafuJipya
Asanteni sana. Nimepima leo. Kuta mbili ziko ndani ya milimita 3. Ya dirishani ina shimo la milimita 9 katikati. Je, zile klipu na kabari za kusawazisha haziwezi kulimaliza hilo? Na tuvipange vipi, tupishanishe nusu kama matofali?

MwikoWaMeno
Klipu zinalinganisha kingo za vigae viwili vinavyokutana, basi. Ukuta haziunyooshi. Ukijaza shimo la milimita 9 kwa gundi, itanywea ikikauka na kuvuta kigae. Piga lipu upya, uiache wiki mbili hivi ikomae.

Kupishanisha nusu usithubutu. Kigae kirefu kina mgongo kidogo hata kikiwa cha daraja la kwanza, na ukiweka katikati ya kimoja dhidi ya ncha za viwili, unakutanisha palipoinuka na palipozama. Mwisho ni theluthi. Kwa vipimo vyako ningevilaza na kuvipanga sambamba: upana wa mita 2.4 ni vigae viwili kamili, kimo ni safu nne. Kwenye ukuta wa 1.8 ni kimoja na nusu. Chumba kama kimeumbwa kwa ajili ya 60×120! Kumbuka tu unene wa lipu, vigae vya ukuta wa pili na mianya ya milimita 2 vitakula vipimo hivyo, kwa hiyo pima tena baada ya lipu. Vichukue vyenye kingo zilizosagwa, vinalingana saizi.

FundiTimazi
Naongezea juu ya kupaka. Usikubali madonge matano nyuma ya kigae. Mwiko wa meno ya milimita 10 au 12, mistari yote ielekee upande mmoja, sambamba na upande mfupi wa kigae, hewa ipate njia. Usizungushe mwiko. Paka na mgongo wa kigae tabaka jembamba, kisha kisogeze mbele na nyuma kukatisha ile mistari. Kwenye shawa gundi ishike asilimia 95 ya mgongo. Safu ya kwanza ianzie juu ya fito iliyonyooka kwa pimamaji, si juu ya sakafu. Na kona zote za ndani ni silikoni, si grauti.

BafuJipya
Tumeamua 60×120, na fundi amekubali baada ya kusoma majibu haya yote tukiwa pamoja. Lipu imepigwa, jipsamu ya shawa imetoka. Swali la mwisho: matundu ya mabomba?

MwikoWaMeno
Kekee ya kikombe ya almasi, nyundo ikiwa imezimwa, maji yakidondoka muda wote. Anza kwa mshazari mpaka iume, ndipo uisimamishe. Usisukume.

BafuJipya
Mrejesho. Leo tumeanza ukuta wa dirishani. Fundi alibandika kigae cha kwanza, nikamwomba akibandue tukitazame mgongo. Pembe moja ya chini ilikuwa tupu, kiganja kizima hakijaguswa na gundi. Tumebadilisha mwiko wa 8 kwa wa 12. Cha pili tumekibandua pia, kimeshika chote.